Kiatu cha Ngiri Nne na Nusu

Mtu akianza kuendesha baiskeli Nairobi, kuna swali atauliza kabla ya mwezi wa pili kuisha, na halihusu baiskeli. Linahusu viatu. Amewaona wale wasee wa Jumapili wakikata Magadi Road, amewasikia wakiingia kibandani kuagiza chai huku viatu vikilia ka-ka-ka kama mbuzi kwenye sakafu ya simiti, na sasa amepata pea mtandaoni kwa shilingi 4,500 ilhali zenye jina zinaitisha 20,000 na kuendelea. Anatuma picha. "Buda, hizi ziko fiti ama ni kujidanganya?"

Nimejibu swali hilo mara nyingi, na kila nikilijibu naona kuna jingine chini yake. Kwa juu ni la soli na bei. Chini yake ni hili: nani anaruhusiwa kununua kitu cha bei ya chini bila kuhukumiwa? Maana jibu la haraka liko mdomoni mwa kila mtu, kuanzia shangazi hadi mwenye duka la baiskeli: cha rahisi ni ghali. Nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, na siku hizi nikiusikia natazama kwanza miguu ya anayeusema.

Hesabu yake ni safi, sikatai. Chukua viatu vya shule. Mzazi aliyeweza Toughees za Bata mwezi wa Januari alinunua mara moja, saizi moja juu, akajaza pamba kwenye vidole, na mtoto akazivaa mpaka mguu ukakataa kuingia. Mzazi ambaye hakuweza alinunua za plastiki kandokando ya barabara, na muhula wa pili ulipofika alikuwa sokoni tena. Ukijumlisha miaka miwili, huyu wa pili ndiye aliyetoa pesa nyingi. Lakini sikia tunavyolisimulia jambo hili: tunalisimulia kana kwamba hakujua kujumlisha. Alijua sana. Alichokosa ni pesa zote kwa siku moja. Elfu tatu za Januari na elfu tatu zilizotawanyika mwaka mzima si pesa sawa, na yeyote aliyeishi kwa uchumi wa kadogo, mafuta ya kupima, sukari ya kufungiwa kwa karatasi, tokeni za stima za mia, hahitaji kufunzwa hilo na mtu.

Kwa hivyo msemo huo ni ushauri mzuri kwa mwenye uchaguzi, na kwa asiye nao ni tusi lenye adabu. Hata hivyo sitaki kukimbilia upande wa pili na kusema kila cha bei ya chini ni sawa mradi mnunuzi hana pesa. Kiatu cha baiskeli hakijali huruma yangu. Kinafungwa kwenye pedeli, na pedeli iko barabarani, na barabara ina malori.

Tuanze na kazi yake, maana wengi wanaokitaka hawajaambiwa. Kiatu cha baiskeli kina soli ngumu isiyokunjika, na chini yake kunafungwa kipande cha chuma au plastiki, wenyewe wanakiita kliti, kinachonasa kwenye pedeli. Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje na mguu unaachiliwa. Wazo lilitoka kwa watu wa theluji: kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya ski, ilileta pedeli za aina hiyo mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. Kwa miongo mingi kabla ya hapo waendeshaji wa mbio hizo walijifunga kwa mikanda ya ngozi. Mwaka wa 1990 Shimano wakaleta mtindo wao wa SPD, kliti ndogo ya bolti mbili iliyozama ndani ya soli ili mtu aweze kutembea kama binadamu, na ndio huo unaouona kwa wengi wanaoenda kazini kwa baiskeli.

Je, inaongeza mwendo? Hapa ndipo wauzaji hukohoa kidogo. Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Colorado, Asher Straw na Rodger Kram, walichapisha matokeo ya kupima ni nishati kiasi gani mwili unatumia mtu akiendesha kwa mwendo wa kawaida: kwanza na raba za kukimbilia kwenye pedeli bapa, halafu raba zilezile zikiwa kwenye vishikio vya vidole, na mwisho viatu vya baiskeli vyenye kliti. Hawakupata tofauti ya maana. Utafiti wa baadaye ambao Kram alishiriki ulipata tofauti kubwa pale mtu anapochomoka kwa nguvu zake zote. Yaani ukiwa unapigania mstari wa mwisho, kiatu kinasaidia. Ukiwa unatoka Kasarani kwenda tao na laptopu mgongoni, raba yako ya kawaida inafanya kazi hiyo hiyo. Na kabla ya Colorado kupima, wale jamaa wa Busia walioanzisha boda boda kwa baiskeli, zamani kabla ya pikipiki kuwapokonya jina, walikuwa wanavusha watu na mizigo mpakani bila kliti ya aina yoyote.

Basi tunanunua nini? Tuseme ukweli: wengi wetu tunanunua kutoaibika.

Na sisemi hivyo kwa dharau. Adam Smith, huyo huyo ambaye watu wa soko huria humtaja kama babu yao, aliandika mwaka wa 1776 kwamba mahitaji ya lazima si yale tu yanayokuweka hai. Ni pamoja na vitu ambavyo desturi ya mahali ulipo inakufanya uone haya kuvikosa. Mfano wake mmoja ulikuwa viatu vya ngozi. Uingereza ya wakati wake, alisema, maskini mwenye kujiheshimu, awe mwanamume au mwanamke, angeona aibu kutoka mbele za watu bila hivyo. Uskoti desturi iliwabana wanaume, lakini mwanamke wa tabaka la chini kabisa angeweza kutembea peku na asidharauliwe. Ufaransa hata wanaume hawakubanwa. Mguu ni uleule, baridi inakaribiana, lakini aibu inabadilika ukivuka mpaka.

Sasa hamisha hilo hadi kituo cha mafuta ambapo kundi linakutana Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna anayekuambia kitu. Wanakusalimia vizuri, wanatazama chini, wanarudisha macho juu. Ndani ya hiyo sekunde moja umeshapimwa. Na kundi si anasa ya kupiga picha tu. Ukiwa peke yako barabara kuu, matatu inakupita kwa upana wa kiganja; mkiwa kumi na tano, inangoja. Kundi ndilo linakufunza kuziba pancha gizani, linakuonyesha njia ambazo hazina mbwa, na nimeona mtu akipata kazi kwa sababu aliyekuwa akiendesha kando yake alikuwa anatafuta mhasibu. Kwa hivyo anayetoa 4,500 ili macho yale yasikae miguuni pake hanunui upuuzi. Ananunua kitu halisi. Swali ni kama kiatu hicho kinaweza kumpatia.

(Kuna wale watakaomwambia kwamba Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka wa 1960 akiwa peku, kwa hivyo aache visingizio. Hawamalizii hadithi. Bikila alikuwa amezoea kufanya mazoezi peku, na viatu alivyopata vya mashindano havikumkaa vizuri. Miaka minne baadaye huko Tokyo alishinda tena, kwa muda bora zaidi, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Watu wanapenda sana peku ya mtu mwingine.)

Kilichonisaidia kufikiri ni akala. Nchi hii ina kiatu kinachovunja msemo wa shangazi kila siku na hatukioni. Akala imekatwa kutoka tairi kuukuu, ni kati ya viatu vya bei ya chini kabisa unavyoweza kununua, na itaishi kuliko raba zako tatu za dukani zikiunganishwa. Ni ya rahisi, na si ghali. Kwa nini? Kwa sababu kila kilichoachwa kinaonekana kwa macho. Haina kitambaa, haina umbo la mguu, itakukwaruza wiki ya kwanza, na mvua ikinyesha utateleza juu yake kama uko kwenye sabuni. Unajua hayo yote kabla hujatoa pesa. Fundi hajakuficha kitu, na hata angetaka kukuficha, angekificha wapi?

Hapo ndipo nilipata kipimo ninachotumia sasa. Bei ikishuka, kuna kitu kimetolewa. Kimetolewa kipi, na je, umeambiwa?

Viatu vya baiskeli vya bei ya chini vimetolewa vitu vingi, na vingi kati ya hivyo havina shida yoyote. Soli ni ya nailoni badala ya kaboni: sawa, tumeshaona kwamba kwa mwendo wako hutahisi. Badala ya kile kifungio cha kuzungusha umewekewa velkro: sawa pia, velkro ikichoka fundi wa mtaani anaishona nyingine kabla hujamaliza soda. Kitambaa hakipitishi hewa, miguu itanuka. Saizi hazina nusu. Gundi ya soli itaanza kuachia msimu wa mvua, na kwa hilo pia kuna yule mzee mwenye sindano na uzi wa nailoni pale kwa steji. Upungufu wa aina hii unakuchosha tu. Mtu anaweza kuamua kuchoka. Wengi wetu ndivyo tunavyoishi, tunalipa kiasi kwa pesa na kinachobaki kwa jasho, na sioni dhambi ndani yake mradi anayetoa jasho ndiye aliyekubali.

Wakati mwingine kilichotolewa ni mshahara wa yule aliyekipaka gundi, na hicho hatuambiwi kamwe, hata kwenye za elfu ishirini.

Lakini kuna upungufu mwingine, wa kukuangusha. Mimi nilikuwa na pea ya bei hiyo, ya jina ambalo silitaji kwa sababu mwaka ujao litakuwa limebadilishwa. Ndani ya soli ya kiatu kama hicho kuna bamba la chuma lenye matundu ya thredi, na bolti mbili za kliti zinakazwa humo. Huwezi kuliona bamba hilo unaponunua. Kwenye pea yangu lilikuwa la chuma laini kama cha mkebe. Nilikaza bolti kwa nguvu ya kawaida, nikaendesha miezi mitatu, na siku moja bolti ya kushoto ikadondoka mahali fulani bila kuniaga.

Sasa, kliti iliyoshikwa na bolti mbili, ukizungusha kisigino inazunguka pamoja na kiatu na pedeli inaiachilia. Ikishikwa na bolti moja tu, kiatu kinazunguka juu yake na kliti inabaki palepale imenaswa. Unazungusha mguu kama mtu anayefungua chupa, na pedeli haina habari. Hilo nililigundua kwenye ile njia ya kando ya Thika Road, karibu na Githurai, matatu iliposimama ghafla mbele yangu na mimi nikahitaji mguu chini. Nilienda chini mzimamzima, polepole, kama mgomba uliokatwa. Nilianguka upande wa mtaro. Mama wa mayai alicheka hadi akashika kiuno, kisha akanisaidia kufungua velkro ili mguu utoke kiatuni, kwa maana kiatu chenyewe kilikuwa bado kimeng'ang'ania baiskeli. Upande ule mwingine kulikuwa na barabara.

Ndiyo maana siwezi kumjibu mtu "nunua" au "usinunue" nikalala vizuri. Yule aliyetengeneza bamba hilo alipunguza gharama mahali ambapo macho hayafiki, na akaacha mng'aro wote mahali macho yanafika. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ubaya wake hauko katika kupunguza. Fundi wa akala naye amepunguza. Ubaya ni kwamba hatari ilihama kutoka kwake ikaja kwangu na hakuna aliyeniuliza. Ningeambiwa, "hizi ni za pedeli bapa tu, chuma chake ni dhaifu," huenda bado ningezinunua, kwa bei ya chini zaidi, na hakuna ambaye angekuwa amemkosea mwenzake.

Feki ni hadithi hiyo hiyo, tena mbaya zaidi. Pea isiyo na jina angalau inakuomba uichunguze. Yenye jina la watu wakubwa limebandikwa juu inakuambia usihangaike, wengine wameshachunguza. Inaiba hata ule wasiwasi ambao ungekuokoa.

Utaniambia: basi nenda Gikomba, nunua mtumba wa orijino. Nami nasema ndiyo, karibu kila mara. Ukiamka mapema ukute kamera, siyo saa kumi jioni wakati imebaki fagia, unaweza kupata kiatu kizuri cha baiskeli kwa bei ya ngoma za shule, hasa kwa muuzaji ambaye hajui ni cha nini na anakiuza kama cha gofu. Mtumba una uaminifu wake. Soli imelika upande mmoja, unaona imelika. Mwenye mguu wa kwanza alikuwa na kisigino kizito, unaona. Lakini hata huko usilewe. Kuna viatu ambavyo sehemu ya ndani ya soli ni ya povu la polyurethane, na povu hilo huozeshwa na unyevu wa hewa kwa miaka hata kama kiatu hakijavaliwa. Kinakaa kwenye sanduku Ulaya, kinasafiri kwenye bale, kinafika kimependeza kabisa, na siku ya tatu kinamomonyoka chini yako kama keki. Hapo hakuna aliyekudanganya. Muuzaji hajui, aliyekivaa wa kwanza hajui. Nimejiuliza kama hilo linapunguza hasira yangu, na nadhani ndiyo, ingawa miguu ilirudi nyumbani kwa ndara vilevile.

Kwa hivyo mtu akinitumia picha siku hizi, namuuliza kwanza anaenda wapi na viatu hivyo. Akisema kazini, namwambia anunue raba yenye soli ngumu na pedeli bapa pana, pesa zinazobaki aweke kwenye breki na taa ya nyuma. Hapo wengi hunyamaza, kwa sababu sijajibu walichouliza. Akisema anataka kutoka na kundi, simwambii kwamba kundi ni la wenye majivuno, hata kama ninajua wachache. Namwambia atoe soli ya ndani, aangalie kama kuna tundu la kumruhusu kuona bamba, aingize bolti kwa vidole bila spana na asikilize kama inaingia laini. Avae kiatu, ajaribu kukikunja. Baada ya kufunga kliti aikaze tena wiki ya kwanza, na aikague kila Jumamosi. Muuzaji asiyekubali bolti ijaribiwe ameshajibu. Na mtandaoni, ambapo huwezi kujaribu chochote? Hapo 4,500 ni bei ya kiatu pamoja na bahati nasibu, na mtu ana haki ya kucheza akijua anacheza.

Kuna anayeona huo ni mzigo mkubwa kumtwika mnunuzi. Mwenye elfu ishirini halazimiki kujua thredi ni nini. Ametoa pesa ili asijue. Yule wa nne na nusu analipa kidogo halafu anatakiwa awe mhandisi. Sina jibu la kumridhisha anayelalamika hivyo. Ana haki. Mahali pa kulipeleka lalamiko hilo ni kwa anayetengeneza na anayeleta, na sisi tulio huku chini tunaweza angalau kutoendeleza mchezo huo kati yetu.

Hilo la mwisho nalisema nikiwa na pea fulani akilini. Zile zangu nilikuwa nimezisafisha na kuziweka kwa dirisha, zinang'aa, huwezi kujua zilishanilaza mtaroni. Mwezi uliopita kijana anayepeleka chakula kwa baiskeli mtaani kwetu aliziona alipoleta oda ya jirani.

"Brathe, hizi unauza?"

Sikuwa nimefikiria kuuza. Akasema ana elfu moja mia tano, hapo hapo, kwa simu. Nilichukua kiatu cha kushoto nikamwonyesha tundu lililolika, nikamweleza bolti ilivyotoka na kilichotokea. Alikigeuza, akaingiza kidole, akaniangalia.

"Sasa mbona unaniambia na mimi nilikuwa nimeshakubali bei?"

Nilimwambia kwamba kwa kliti siuzi, hata akiongeza. Akitaka za kuvaa kwa pedeli zake bapa, soli ni ngumu na itamsaidia kwa yale mashimo ya kwenda Mwiki. Nikaenda kutafuta spana, nikatoa kliti zote mbili mbele yake na nikabaki nazo.

"Basi si kiatu cha baiskeli tena," akasema. "Ni kiatu tu. Nipe na mia nane."

Tulibishana mpaka chakula cha mtu kikakaribia kupoa. Tukakubaliana mia tisa, akatuma mia tano, nyingine akasema atamalizia akifunga kazi. Ziliingia saa tatu usiku.